Uzi: Nimemkata mwanafunzi alama kwa "expensive price", akaniuliza mbona Kiswahili kina "bei ghali"

#1 Mwalimu_Njoro
Hamjambo wadau. Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari upande wa Njoro. Wiki hii nimesahihisha insha 38 za kidato cha tatu kuhusu siku ya soko, na 11 kati yake zina maneno "expensive price". Zote nimezipigia mstari mwekundu, nikaandika pembeni "high price", nikakata nusu alama.

Jana msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama. "Mwalimu, redioni husema bei ghali, na nyumbani tunasema bei ghali. Mbona huku iwe kosa na kule iwe sawa?" Nikamjibu kwamba kitu ndicho huwa ghali, bei yenyewe huwa juu au chini. Akakaa, lakini niliona hajaridhika, na mimi nilitoka darasani nikijua sijamjibu vizuri. Katika chumba cha walimu mwenzangu wa Kiswahili akasema "bei ghali" ni kosa pia, ila watu wamelizoea. Mwalimu mwingine akamkatalia pale pale.

Nisaidieni. Kuna sababu yoyote ya maana, au ni mazoea tu ya kila lugha? Nataka Jumatatu nimpe yule mtoto jibu linalosimama.

#2 Fundi_Kibuye
Hapa Kibuye nauza vitanda na makabati, na kila siku nasikia "bei yako ghali". Sijawahi kumwambia mteja amekosea. Najua anataka nipunguze, naye anajua nitapunguza.

#3 Karani_Mstaafu
Salamu mwalimu. Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi hapa Kisumu, na Kiingereza cha pesa ndicho kilikuwa mkate wangu. Jibu ulilotoa ni sahihi.

Bei ni namba. Namba huwa kubwa au ndogo, huwa juu au huwa chini. Kiatu si namba, ndiyo maana kiatu huitwa "expensive". Angalia jamaa zake bei: "price", "rate", "rent", "wage", "cost". Wote hao hukubali "high" na "low". Hakuna Mwingereza anayesema "expensive wage". Kiswahili pia kina mpaka huo. Umewahi kumsikia mtu akisema mshahara wake ni ghali? Au joto la leo ni ghali? Mshahara ni mkubwa, joto liko juu, na bei iko juu. Ghali ni nguo, ni nyama, ni dawa.

Neno ghali lenyewe maana yake ni "-enye bei kubwa". Sasa ukisema bei ghali unasema bei yenye bei kubwa. Mtoto akatwe alama kwa lugha zote mbili.

#4 Mlamu_wa_Milimani
Karani, pole pole mzee wangu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Kisumu Milimani, na "bei ghali" nimeikuta kinywani mwa nyanya yangu ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza hata siku moja. Huwezi kusema aliiga makosa ya wanafunzi wa Njoro.

Tazama maneno haya yalikotoka. Bei ni Kiarabu, na kule asili yake ni kuuza, tendo lenyewe la kuuza. Ghali ni Kiarabu vilevile. Rahisi ni Kiarabu, na kule maana yake ni kitu cha bei ndogo. Sisi tukaichukua rahisi tukaipa kazi ya pili: mtihani rahisi, njia rahisi. Thamani kwa Kiarabu ndiyo bei, sisi tukaipeleka kwenye ubora wa kitu na hadhi yake. Kila neno liliposhuka jahazini lilipewa mzigo mwingine.

Kwa hiyo ukichukua bei kwa maana ya mauziano, bei ghali ni mauziano yaliyo ghali. Hakuna kosa hapo. Kosa linaonekana kwa anayeipima bei kama namba peke yake, na hilo ndilo wazo la karani wa benki.

#5 Mwalimu_Njoro
Ahsante Mlamu, hili sikulijua. Lakini yule msichana bado ataniuliza kuhusu Kiingereza. "Cheap price" pia nimeikata, na yenyewe hata Waingereza naisikia wakiisema madukani.

#6 Msomaji_Kakamega
Mwalimu, hapo kwenye "cheap" kuna jambo la kumpelekea mwanafunzi wako. Hilo neno halikuanza kama sifa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina, na maana yake ilikuwa biashara, kuuziana. London kuna mtaa wa zamani unaoitwa Cheapside, na jina hilo linatokana na soko lililokuwa hapo. Baadaye watu wakawa wanasema "good cheap", yaani biashara nzuri, umenunua vizuri. Neno "good" likaanguka njiani, "cheap" ikabaki peke yake na ikawa sifa.

Kwa hiyo Waingereza wamefanya yale yale aliyoyasema Mlamu kuhusu bei na rahisi: neno la kuuziana likageuka kuwa neno la kupima. Na "price" inatoka Kilatini kupitia Kifaransa cha zamani, ndugu yake ni "praise", kusifu, na "prize", zawadi ya mshindi. Zamani zote zilikuwa nyumba moja.

#7 Karani_Mstaafu
Historia ni tamu, Msomaji, lakini mtahini hasahihishi Kiingereza cha kale. Anasahihisha cha leo. Na katika cha leo "cheap price" husemwa kwa mdomo, kwenye maandishi rasmi huandikwa "low price". Nashikilia.

#8 MamaOmena
Mnajadiliana maneno, na mimi neno moja lilinitoa pesa. Nauza samaki, omena na ngege, karibu na Dunga. Mwaka juzi omena zilipokuwa nyingi, mtu wangu wa Homa Bay aliniandikia kwa simu: "Mama omena imeshuka 100." Wakati huo tulikuwa tunanunua gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa 220. Nikaelewa imeshuka mpaka 100. Nikaagiza gorogoro 60, nikamwekea 6,000. Mzigo ukafika, akanipigia simu kwamba nimepunguza pesa. Yeye alikuwa na maana imeshuka kwa 100, yaani sasa ni 120. Tofauti ni 1,200, na mimi nilikuwa nimeshawatajia wateja wangu bei. Nililipa, kwa sababu ni mtu wangu wa siku nyingi na sikutaka tugombane. Lakini faida ya wiki hiyo ilienda.

Hilo ndilo ningependa mwalimu awafundishe watoto. Kwa na mpaka.

#9 Karani_Mstaafu
Mama, pole sana. Na umegusa kitu kikubwa kuliko swali la mwalimu. Kwa Kiingereza ni "by" na "to", na katika ofisi yetu tulikuwa tunawafundisha vijana wapya hilo siku ya kwanza.

Mfano ambao kila mtu hapa anaukumbuka: mafuta ya 2023. EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, inaanza kutumika tarehe 15. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilipanda kwa shilingi 5.72 hadi shilingi 217.36. Ondoa "kwa" na "hadi" katika sentensi hiyo uone kama mtu ataelewa. Mwezi wa kabla yake ilikuwa imepanda kwa shilingi 16.96, hadi 211.64, na ndipo tukavuka 200 kwa mara ya kwanza.

Na kuna "in" na "of" vilevile. "A rise in price" ni kupanda kwa bei. "A rise of five shillings" ni kupanda kwa shilingi tano. Kiswahili hapo kinatumia "kwa" mara mbili na mambo yanachanganyika: kupanda kwa bei kwa shilingi tano. Mwanafunzi akitafsiri kutoka Kiswahili, atakosea tu, kwa sababu "kwa" moja anaijua lakini hajui ni ipi inakuwa nini.

#10 Dereva_Section58
Septemba ile siisahau. Tulilala na nauli moja tukaamka na nyingine, na abiria wakadhani ni sisi tumeamua.

Lakini nataka kumuuliza mwalimu jambo. Abiria akiniuliza pale stejini Nakuru, "Bei ya matatu kwenda Salgaa ni ngapi?" mimi humjibu kwamba matatu haiuzwi, nauli ndiyo ninayoijua. Je, Kiingereza kina hilo?

#11 Mwalimu_Njoro
Kinalo, dereva, na liko vile vile. Matatu inalipiwa "fare", shule inalipiwa "fees", nyumba ya kupanga inalipiwa "rent", na chumba cha hoteli kina "rate". "Price" ni ya kitu unachokibeba ukaenda nacho. Kwetu ni nauli, karo, kodi, na ya hoteli sijui tunaitaje zaidi ya "bei ya chumba". Wanafunzi wangu huandika "the price of the school" na hapo nakata alama bila huruma, maana hawanunui shule.

#12 Dereva_Section58
Wewe mwalimu na hizo alama zako. Insha 11 kwa nusu alama ni alama tano na nusu. Hiyo ni pesa ya watu.

#13 Binti_wa_Webuye
Na "mara mbili" jamani? Mimi nasoma chuo, na mwaka huu tulipata tangazo kwamba kodi ya vyumba vya kukodi "imepanda mara mbili". Nusu ya darasa tulielewa imekuwa maradufu, tukaanza kutafuta vyumba kwingine. Kumbe ilikuwa imepandishwa Januari kidogo, na Mei kidogo tena. Mara mbili kwa kuhesabu.

#14 Fundi_Kibuye
Hapo mwenye nyumba alijua anachofanya. Wenye roho nyepesi waliondoka, yeye akapata wapya wa bei mpya.

#15 Karani_Mstaafu
Binti, ndiyo sababu kuna neno maradufu. Kitu kikiwa cha 50 kikawa 100, kimepanda maradufu. Kikipandishwa mara mbili, hujui kimefika wapi. Na lile linalonikera zaidi ni "bei imepungua mara tatu". Ukipunguza kitu mara moja kwa ukubwa wake wote, kimeisha, ni bure. Mara tatu unaipeleka wapi? Sema imepungua hadi theluthi moja.

#16 Mlamu_wa_Milimani
Karani, "imepungua mara tatu" kila mtu anaielewa kuwa ni theluthi. Lugha haipigi hesabu kama mashine yako.

#17 Karani_Mstaafu
Watu wanaielewa mpaka siku inapoandikwa kwenye mkataba.

#18 Mama_Kitale
Samahani nauliza nje kidogo ya mada. Hili la mfumuko wa bei. Redioni walisema mfumuko umeshuka, nikafurahi, nikaenda sokoni na pesa ile ile nikarudi na kikapu kile kile. Unga haukushuka, mafuta ya kupikia hayakushuka. Wanadanganya au ni mimi sielewi?

#19 Karani_Mstaafu
Mama, hawadanganyi, ila neno linapotosha, na linapotosha hata kwa Kiingereza. Mfumuko ni mwendo wa kupanda, si bei yenyewe. Takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, zilionyesha mfumuko wa asilimia 9.6 Oktoba 2022. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Maana yake ni kwamba bei za 2024 zilikuwa bado zinapanda juu ya bei za mwaka uliotangulia, ila kwa mwendo mdogo. Ile ngazi ya 2022 hukushuka, uliendelea kuipanda polepole. Waingereza husema "inflation fell" na "prices fell", na ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini sikio la haraka linasikia jambo moja.

#20 Dereva_Section58
Mama Kitale, mfikirie lori linalotoka Nakuru likielekea Mau Summit. Likifika mlima wa Sachang'wan linabadilisha gia, mwendo unapungua, unaweza hata kulipita kwa miguu. Lakini bado linapanda. Kushuka ni mpaka ligeuze kichwa lirudi Salgaa.

#21 Mama_Kitale
Sasa nimeelewa. Ahsante dereva. Kwa hiyo lori letu halijageuka.

#22 MamaOmena
Na kuna bei ambayo haipandi, gorogoro ndiyo inayopungua. Mnazijua zile zilizogongwa chini kwa nyundo mpaka kitako kimeingia ndani? Bei ni ile ile ya mwezi jana, mahindi yamepungua kikombe kizima. Hilo mwalimu utaliitaje kwa Kiingereza?

#23 Mwalimu_Njoro
Wanalo neno jipya la hilo, mama, wamechukua "shrink", kunywea, wakaliunganisha na mfumuko wakapata "shrinkflation". Lakini nadhani "gorogoro imegongwa" inaeleza vizuri zaidi.

#24 Msomaji_Kakamega
Turudi kwenye maneno yanayotembea pamoja. Mimi nimeangalia sana magazeti ya Kiingereza, na vitenzi vya bei wameviazima angani na majini. Bei ikipanda sana "soars", inapaa kama mwewe. Sisi pia tunasema bei imepaa. Ikianguka ghafla "plummets", na asili ya neno hilo ni kipande cha madini ya risasi kinachofungwa kwenye kamba, cha kupimia kina cha maji au unyoofu wa ukuta.

#25 Fundi_Kibuye
Hiyo ni timazi! Kabla ya samani nilikuwa mwashi. Basi nimelielewa neno hilo kuliko mwalimu. Ukiiachia timazi haiulizi mtu.

#26 Kondele_Kwetu
Nimesoma uzi wote na ninashangaa hakuna aliyetaja lugha zetu. Kwa Dholuo bei ni "nengo". Kitu kikiwa ghali tunasema "nengone tek", bei yake ni ngumu. Kikiwa cha bei ndogo, "nengone yot", bei yake ni nyepesi. Sasa Mlamu alisema rahisi ilianza kama bei ndogo ikawa jambo lisilo gumu. Sisi tunatumia neno la wepesi kusema bei ndogo. Tumekutana katikati ya njia, mmoja akienda na mwingine akirudi.

Na mkiangalia, nyumbani kwetu sijamsikia Mluo akisema bei iko juu wala chini. Anasema ngumu na nyepesi, kama mzigo. Kwa hiyo ile hoja ya Karani kwamba bei ni namba na namba huwa juu, mbona kwetu haikufika?

#27 Mlamu_wa_Milimani
Kondele, hapo umenisaidia kuliko nilivyoweza kusema mwenyewe. Kila lugha ina marafiki wa maneno yake. Kwetu mvua ni kubwa, Mwingereza anaiita nzito. Kwetu jua ni kali, upepo ni mkali, pilipili ni kali, na siku hizi hata bei ni kali. Joto hupanda, lakini umewahi kusikia baridi imepanda? Baridi huzidi. Mantiki iko wapi hapo? Watu walikaa pamoja, wakasema hivyo miaka mingi, ikawa hivyo.

#28 Gilgil_Hadi_Molo
Kwa Gikuyu bei ni "thogora" na ghali ni "goro". Kitu ndicho cha goro.

#29 Dereva_Section58
Usije ukatuambia gorogoro imetoka hapo.

#30 Gilgil_Hadi_Molo
Sijasema. Umesema wewe.

#31 Karani_Mstaafu
Kondele, hoja yako naiheshimu na sina jibu la haraka. Lakini niruhusuni niseme kuhusu "rate", maana mwalimu alianza na bei na mimi naona hatari kubwa iko kwenye riba.

Kwanza, "rate" haina neno moja la Kiswahili. "Interest rate" ni riba, imetosha. Hatuna haja ya kusema kiwango cha riba kimepanda, riba imepanda. "Exchange rate" mitaani ni reti ya dola. "Birth rate" ni idadi ya wanaozaliwa kwa kila watu elfu. "Rates" unazolipa kaunti ni kodi ya ardhi. Mwanafunzi akiona neno moja la Kiingereza anatafuta neno moja la Kiswahili, anakwama.

Pili, "rate" bila "per" ni nusu ya habari. Nimekaa na watu wazima, wenye akili zao, wakasaini mkopo wa asilimia 10 wakidhani ni kwa mwaka, kumbe ni kwa mwezi. Karatasi ilisema, kwa herufi ndogo.

Tatu, hata mkiambiwa asilimia 1 kwa mwezi, ulizeni ni ya kiasi gani. Chukua mkopo wa 100,000 wa miezi 12. Ikiwa riba inahesabiwa kila mwezi juu ya zile 100,000 za mwanzo, utalipa riba ya 12,000. Ikiwa unapunguza deni kwa mafungu sawa ya mkopo na riba inahesabiwa juu ya salio tu, utalipa 6,500. Asilimia ni ile ile, mwezi ni ule ule, na pesa ni karibu nusu. Sacco nyingi hutumia salio. Wengine hutumia njia ya kwanza na kuisema kwa maneno yale yale matamu.

#32 Binti_wa_Webuye
Mzee nimenakili hii. Mama yangu ana chama na wanakopeshana kwa njia ya kwanza, na hakuna anayejua ni njia ya kwanza.

#33 Msomaji_Kakamega
Ndiyo maana serikali iliweka kikomo cha riba 2016, kisha ikakiondoa 2018.

#34 Karani_Mstaafu
Kiliondolewa Novemba 2019, si 2018. Kilianza Septemba 2016. Riba ya mkopo haikuruhusiwa kuzidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Benki Kuu ikiwa 10, mkopo mwisho 14.

Na angalia nimesema pointi. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka 12.5 hadi 13. Wengi walitangaza imepanda kwa asilimia 0.5. Si kweli. Nusu juu ya 12 na nusu ni asilimia 4. Imepanda kwa nusu pointi. Kiingereza kina "per cent" na "percentage points", na hata waandishi wao hukosea.

#35 Msomaji_Kakamega
Nimekubali, 2019. Nilichanganya.

#36 Mama_Kitale
Mtoto wangu yuko Marekani na hunitumia dola 100. Januari 2024 nilikuwa napata karibu 16,000. Kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa kama 12,900. Majirani wakafurahi kwamba shilingi imepanda. Mimi nikaona reti imeshuka. Nani alikuwa sahihi?

#37 Karani_Mstaafu
Wote wawili, mama. Dola ikitoka 160 ikafika 129, dola imepungua bei kwa asilimia 19 hivi. Lakini ukiihesabu shilingi kwa dola, shilingi imepanda kwa asilimia 24. Namba moja imeshuka na pesa nyingine imepanda, na hata asilimia zake hazilingani kwa sababu unagawanya kwa vitu tofauti. Wao husema "the shilling strengthened", imepata nguvu, ili wasitumie kupanda na kushuka wakachanganya watu.

#38 Kondele_Kwetu
Imepata nguvu. Mnaona? Wakibanwa na wao wanarudi kwenye ngumu na nyepesi.

#39 Mwalimu_Njoro
Wadau, narudi. Jumatatu nilimwambia yule msichana kwamba swali lake limezua mjadala mkubwa na sina jibu moja. Nikawapa darasa zima kazi: Jumamosi waende sokoni na daftari, wasiulize chochote, wasikilize tu watu wanaunganisha bei na neno gani. Wengi walienda Njoro, wawili walifika mpaka soko la Wakulima Nakuru.

Yule msichana aliandika kurasa mbili. Ana bei kali, bei mbaya, bei poa, bei ya jioni, bei ya kutupa, bei ya hasara, bei ya mwisho, bei ya rafiki, bei tamu. "Bei ghali" ameisikia mara nne, mara tatu kwa wanunuzi. "Bei ya juu" hakuisikia hata mara moja. Amechora mstari chini ya sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, kama yangu.

#40 Karani_Mstaafu
Kazi nzuri sana, mpe pongezi zangu. Lakini kwenye mtihani wa Kiingereza bado ataandika "high price".

#41 Mlamu_wa_Milimani
Na Lamu bado ni bei ghali.

#42 Dereva_Section58
Nusu alama yake umemrudishia?

#43 Mwalimu_Njoro
Ya Kiingereza hapana. Nimempa mbili za daftari.

#44 Fundi_Kibuye
Hiyo "bei tamu" ni tamu kwa nani? Muuzaji au mnunuzi?

#45 MamaOmena
Huku Dunga ni ya mnunuzi.

#46 Gilgil_Hadi_Molo
Huku wakulima wa viazi wakisema wamepata bei tamu, ni wao wameuza vizuri.

#47 Mwalimu_Njoro
Hakuandika ilisemwa na nani. Nitamuuliza kesho.